Kanzu Iliyofungiwa Ndani ya Mashine

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu kutoka Amu. Sote wazima, na Babu yako bado anabishana na redio.

Umeuliza kwa nini mashine yako ya kufulia haiingizi maji. Yetu ilifanya vivyo hivyo asubuhi ya nikaha ya shangazi yako. Niliiweka darini, juu ya nyumba, karibu na kamba za kuanikia, nikatia kanzu ya Babu. Mlango ukajifunga, mashine ikanguruma, tone halikuingia.

"Bi Zena, leo nimuozeshe binti yangu nimevaa kikoi?" Babu akalia.

Nikasoma dua, nikaipiga makofi. Nilipochoka nikaliegemea tangi la maji linaloilisha mashine, lililo papo hapo darini, ndipo nikaona limekaa sakafuni, kimo kimoja na mashine. Maji yangeshukaje? Nilikuwa nikigombana na asiye na kosa.

Basi nawe tazama kwanza maji yanatoka wapi, kabla ya kuilaumu mashine.

Kanzu yake ikiwa bado imefungiwa mle, Babu aliazima ya jirani yetu mfupi, ikamwishia chini kidogo ya magoti. Msikitini wakadhani ameifupisha kwa kuzidi uchamungu, wakamwomba asome dua. Mpaka leo wanamwita Ustadhi, na kanzu ya watu hajairudisha.

Bibi yako akupendaye