Shali ya Bibi Ina Tundu

Ijumaa, alasiri. Nje joto limeganda juu ya mapaa ya mtaa wetu wa Bawshar. Humu ndani kiyoyozi kinavuma kana kwamba tunahifadhi samaki. Moyo wangu, kwa mara ya kwanza wiki hii, umetulia.

Naandika kuhusu shali.

Tangu joto lianze, Bibi ameacha kula nasi sinia moja, hata mlo wa Ijumaa. Baridi ya sebuleni humwingia mifupani, kaka yangu Nasor haachii rimoti, na baba huunga mkono upande wenye jasho. Kwa hiyo Bibi hupelekewa sahani chumbani, akala peke yake, mlango umefungwa. Niliuita uhamisho huo dhulma, nikaihutubia familia nzima, nikashindwa kwa kura. Ndipo nilipokwenda sokoni Matrah kununua nyuzi za sufu za zambarau na sindano za kufumia, nikaapa kumrudisha Bibi kwenye sinia kwa mikono yangu mwenyewe.

Nami ni mtu wa yote au hapana. Majuzi, katika mdahalo wa chuo, nilisimama nikasema kwamba nusu ya haki ni dhulma iliyopakwa marashi, na ukumbi ukanipigia makofi. Ningewezaje kurudi nyumbani nikafuma shali yenye kasoro? Kitanzi kimoja kikilegea, nilifumua. Msuko mmoja ukielekea kushoto badala ya kulia, nilifumua. Shali ilirefuka ikanifika magotini, ikarudi kuwa donge la uzi. Ikarefuka tena, ikarudi tena.

Na Bibi akaendelea kula peke yake.

Nakiri kwamba hilo sikulitia akilini. Katika vita vyangu na vitanzi, sikujiuliza hata mara moja ni nani aliyekuwa akitetemeka kwa ajili ya ukamilifu wangu.

Jana niliimaliza, nikafunga ukingo. Asubuhi ya leo nikaitandaza kitandani, nikaliona: karibu na bega, kitanzi kilichoponyoka kimeacha tundu la kupita kidole. Nilichukua mkasi ili nikate fundo la mwisho nianze upya. Nilipoinua kichwa, Bibi alikuwa amesimama mlangoni.

"Wewe mwana, hiyo unamfumia nani?" aliuliza. "Maana mie baridi nnaiona mwaka huu."

Hakungoja jibu. Aliitwaa shali, akajitanda, uzi wa mwisho ukimning'inia mgongoni. Watu waliporudi msikitini na sinia kuteremshwa, walimkuta amekwishakaa mahali pake pa zamani. Nasor, ambaye hakujaliwa kunyamaza, akaikodolea macho shali.

"Bibi, shali yako ina tundu."

"Na pua yako ina matundu mawili," Bibi alimjibu huku akichambua samaki, "na mama yako hakukufumua."

Baba alicheka hadi akarudisha tonge kwenye sinia. Mama alijifuta machozi kwa pembe ya mtandio. Mimi nilicheka kwa aibu na raha kwa pamoja, na Bibi akakaa nasi mpaka kahawa, akiuliza habari za kila mtu kama aliyerudi safarini.

Sijabadili msimamo. Ukumbini nitaendelea kudai haki nzima, na kwa sauti ile ile. Lakini kabla ya kushika mkasi tena, nitauliza kwanza ni nani atakayebaki kwenye baridi wakati mimi nikirekebisha.

Kesho nitamwomba Bibi shali yake kwa muda mfupi, nilizungushie tundu uzi mwembamba lisizidi kufumuka. Kuliziba, sitaliziba. Hivi sasa amesinzia kochini, katikati ya kelele zetu, na kidole chake kimoja kimepita humo, kimeshikilia.