Jina Langu Kwenye Orodha ya Wapiga Kura

Nyegezi, Mwanza
12 Januari 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mgongo uliouumiza ukiinua mbao za boti ya Mzee Masalu umepata nafuu. Mama hajambo? Bibi anakula vizuri? Mimi huku kwa shangazi sijambo. Shule zinafunguliwa kesho, nami naingia kidato cha nne. Shangazi Rose anakusalimu sana, anauliza mbona siku hizi humpigii. Nimemjibu kwamba tangu uchaguzi humpigii mtu yeyote.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Nasma, mwenzangu wa darasani, alipita hapa juzi. Ameniambia kwamba ulisimama kwenye msiba pale mtaani, mbele ya majirani wote, ukasema Mwalimu Nestory ndiye aliyekuuza, ndiye aliyekunyima uenyekiti wa mtaa. Akaniambia pia kwamba wazazi wameanza kuwatoa watoto kwenye masomo yake ya jioni.

Ngoja nianzie kwenye ule mkutano wako wa kwanza wa kampeni, Oktoba, pale uwanjani Pasiansi. Ulizungumza vizuri, Baba. Niliona fahari. Ulipokaribisha maswali nikanyoosha mkono. Nilisema mwenyekiti atakaa miaka mitano, na ataamua kama bomba litafika kwetu au hapana. Nikasema wanaoingia ziwani kuchota maji ni sisi wa miaka kumi na sita na kumi na saba, na ni sisi tunaougua kichocho. Nasma mwenyewe ametumia dawa mara mbili. Nikauliza kwa nini basi tusipige kura, na kama ungekubali kutuunga mkono tukiomba umri ushushwe ufike kumi na sita.

Ulicheka. Ukasema, "Mwanangu, kura si peremende. Nenda kasome, mambo ya watu wazima waachie watu wazima." Uwanja mzima ukacheka nawe. Nilirudi nyumbani nikaosha vyombo, nikakuandalia maji ya kuoga.

Siku chache baadaye orodha ya wapiga kura ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Nasma ndiye aliyenivuta mkono. Namba mia mbili na kumi na moja: Selina Shimba, mwanamke, miaka kumi na tisa. Pembeni kulikuwa na saini ambayo si yangu. Chini yangu alikuwepo Nasma mwenyewe, naye kaongezewa miaka miwili, na baada yake wenzetu wengine wa darasani. Tulihesabu kumi na wanne.

Nilikwenda kwa Baba mdogo Luhaga, maana ndiye aliyekuwa akizunguka na daftari lako la kampeni. Hakukana. Alinipigapiga begani akasema nilikuwa nalilia kura, basi nimepewa, kazi yangu ni kuiweka panapostahili. Nikamuuliza kama wewe unajua. Akasema, "Jina lako kalitaja yeye mwenyewe."

Baba, hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yangu. Ningekuelewa kama ungeamini kweli kwamba sisi ni watoto. Lakini uwanjani nilikuwa mtoto, na kwenye karatasi nilikuwa mtu mzima, kadiri ilivyokufaa wewe.

Yaliyofuata unayajua. Majina kumi na manne yakafutwa. Ukashindwa kwa kura tisa. Ukaanza kumtafuta mtu, na kwa kuwa Mwalimu Nestory anatufundisha na anazijua tarehe zetu za kuzaliwa, ukamtwisha yeye lawama.

Si yeye. Ni mimi.

Nilikwenda peke yangu ofisi ya mtaa, asubuhi ya siku ya pili baada ya kuongea na Baba mdogo, nikiwa na sare ya shule. Msimamizi wa uchaguzi, Bwana Venant, hakuinua hata macho. Alisema pingamizi huwekwa na mpiga kura wa mtaa, watoto hawaruhusiwi. Nikamwambia afungue namba mia mbili na kumi na moja. Akafungua. Nikamwambia, "Kama huyo ni mtu mzima, nipe fomu niweke pingamizi. Kama ni mtoto, mfute." Akanipa fomu. Niliandika jina langu kwanza, ndipo nikaandika ya wenzangu, ambao jana yake nilikuwa nimewauliza mmoja mmoja. Nikaambatanisha nakala ya cheti changu cha kuzaliwa, kile ulichokwenda kukihangaikia wewe mwenyewe. Mwalimu Nestory hakujua lolote. Leo baada ya ibada nilimfuata nikamweleza. Hakunilaumu, wala hakukusema vibaya.

Najua utaniuliza kama nilijua kwamba ningekuangusha. Sikujua idadi, lakini nilijua inawezekana. Usiku wa matokeo, ulipoketi kwenye mbao zako bila kuvua viatu, nililia. Nilikuwa nataka ushinde, Baba. Hakuna fundi wala jirani pale mtaani aliyelipigania lile bomba kama wewe. Nililia, lakini sikujuta, na mpaka leo sijuti. Kura ninayoitaka ni ile ya kusimama nayo foleni kwa jina langu na umri wangu. Ile ya wizi siitaki, hata kama ingekuwa ya kumpa baba yangu.

Wala sijanyamaza. Tumeandika barua kwa mbunge, tukiomba alipeleke bungeni suala la umri. Hadi jana wanafunzi mia tatu na arobaini wameshatia saini, kila mmoja kwa mkono wake. Tutacheka wakitucheka, kisha tutaandika nyingine.

Ninaloomba kwako ni moja. Nenda kwa Mwalimu Nestory, umtake radhi mbele ya watu, kama ulivyomsema mbele ya watu. Jumamosi nitakuja nyumbani. Ukitaka kunipiga, nipo. Ukitaka kunifukuza, utaniambia usoni. Nikikuta mlango umefungwa nitakaa pale barazani mpaka ufungue, kwa sababu pale ni kwetu, na mimi bado ni mwanao.

Nisalimie Mama, na umwambie asikusihi kwa ajili yangu. Mpe Bibi shikamoo yangu. Wadogo zangu waambie nawakumbuka. Mungu akupe afya, na kazi ya boti isikatike.

Mwanao akupendaye,
Selina Shimba