Barua Uliyoiulizia Mara Tatu

Mwaka umetimia, Mama Bahasha, tangu asubuhi ile ya Alhamisi ulipotutoka katika chumba cha mbele, dirisha likiwa wazi kama ulivyotaka, ili usikie kengele ya baiskeli ya mumeo akirudi kutoka posta.

Wengine wakitoa kumbukumbu huweka picha na maneno ya kutuliza. Picha tumeweka, ile uliyovaa kitambaa cheupe. Maneno ya kutuliza hatuna. Haya ameyaandika mumeo kwa mkono wake, nawe unaujua mkono wenyewe: herufi ni zake, nukta na koma amezitia binti yako. Kuna jambo uliuliza kitandani ukajibiwa uongo, na aliyekujibu hataki kufa nalo.

Wasiokujua tuwaambie. Parokia yetu ni ndogo, mabenchi kumi na manne, moja limefungwa waya. Padri wa mwisho kukaa nasi alihamishwa akasema anakwenda mara moja tu, na hiyo mara moja ikawa miaka ishirini na miwili. Tangu hapo tukawa tunaletewa padri wa kuazima kutoka parokia jirani, mara moja kwa mwezi, barabara ikikubali. Ukifa katikati ya mwezi, shauri yako.

Ndipo wewe, mwalimu wa chekechea, ukachaguliwa katibu. Kila Januari uliifuta meza ya chakula mara mbili, ukaweka karatasi ya kaboni katikati ya karatasi mbili nyeupe, ukamwandikia askofu kumwomba padri wa kukaa nasi. Siku hiyo hakuna kuweka kikombe mezani. Mumeo alikunywa chai akiwa amesimama mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa. Nakala ya chini uliitia kwenye mkebe wa biskuti, na bahasha uliibandika kwa uji wa unga, maana gundi ya dukani hukuiamini. Jina la Mama Bahasha ulilipatia hapo. Mumeo naye, fundi baiskeli wa darasa la tatu, akapata lake: Tarishi. Yeye ndiye aliyezipeleka posta, na ufunguo wa sanduku la barua ulining'inia shingoni mwake pamoja na rozari.

Maaskofu watatu wamo ndani ya mkebe ule. Wa kwanza aliandika mwenyewe, maneno machache yaliyolala upande kama mtama uliopigwa na upepo: "Vumilieni, wanangu." Tukavumilia. Wa pili alikuwa na karani, na karani alikuwa na sentensi moja: "Tumepokea barua yenu na tunaishughulikia." Miaka kumi na mitatu, sentensi ile ile, tarehe tu ndiyo iliyobadilika. Watoto wako wa chekechea waliijua kwa kichwa. Ukimtuma mtoto maji akachelewa, anakuitikia kutoka nje, "Tumepokea, tunaishughulikia!" Askofu mwenyewe tukamwita Tumepokea, Mungu amrehemu.

Wa tatu alipowekwa, mumeo alisema, "Huyu naye ni Tumepokea wa Pili."

"Mngoje kwanza aandike, mume wangu," ulimjibu. "Mtu hahukumiwi kwa bahasha."

Ulikuwa na sheria zako. Barua ya askofu haifunguliwi jikoni. Inangoja Jumapili, inafunguliwa kwenye ngazi ya kanisa mbele ya wote, inasomwa, kisha inabandikwa mlangoni. "Si yangu," ulikuwa ukisema. "Mimi naibeba tu." Na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi ulikwenda kwenye nyumba ya padri, ukayatoa kitandani mashuka ambayo hakuna aliyeyalalia, ukayafua, ukayaanika, ukayarudisha. Mumeo alikucheka: "Sasa hapo unafua nini?"

"Nafua kungoja," ulisema. "Kungoja nako kunashika vumbi."

Hukuwa mtakatifu, tusikupake rangi. Ulikuwa mbishi, na supu yako ilikuwa na chumvi ya watu saba. Lakini hakuna mgonjwa wa parokia hii aliyekata roho peke yake kama ulijua nyumba yake. Padri asipokuwepo, ulikwenda wewe na kitabu cha sala, ukakaa.

Halafu ukaugua wewe. Barua ya ishirini na mbili uliiandika kwa siku tatu, kalamu ikikuponyoka. Mumeo aliipeleka akinung'unika njia nzima.

Jibu lilikuja Jumatano moja, wiki tano kabla hujatutoka. Mumeo alifungua sanduku la posta akaikuta: bahasha nene, muhuri wa askofu, cheo chako juu. Akaipima mkononi. Alijua, yaani alijiona anajua, kwamba ndani mna ile sentensi. Akakuona akilini jinsi utakavyodai kitambaa chako cheupe, utakavyobebwa Jumapili hadi kwenye ngazi, usome mbele ya watu, kwa pumzi uliyobakiwa nayo, kwamba bado unashughulikiwa. Roho yake ikakataa. Akaitia barua ndani ya sanduku la vifaa, chini ya viraka na solusheni ya kuzibia matairi, akajiambia: akipata nafuu nitampa.

Hukupata nafuu.

Jioni ile ile ulimwuliza, "Tarishi, barua haijaja?"

"Haijaja."

"Umetazama vizuri? Bahasha nyingine hujibana pembeni."

"Nimeingiza mkono hadi kwenye kiwiko, mama." Ukacheka, na kwa kuwa ulicheka, akaona amefanya vizuri.

Wiki mbili baadaye ukauliza tena. "Hao wakubwa wako wamekusahau," alisema. Ukamkaripia asiwasemee watu waliyo nayo moyoni. Alitaka kukwambia pale pale. Lakini uongo wa kwanza ulikuwa umeshakaa mlangoni, na ukweli ukashindwa kutoka.

Mara ya tatu ilikuwa Jumatano, siku moja kabla. Sauti yako ilikuwa nyembamba kama uzi. "Haijaja?"

"Haijaja."

"Basi ikija," ulisema, "usiifungue jikoni."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho yaliyosikika vizuri. Padri wa kuazima aliitwa, gari lake likakwama, akafika Ijumaa na mafuta yake matakatifu, wewe ukiwa umeshafunikwa. Uliwasindikiza wenzako wote, ukaondoka bila mpako wa wagonjwa.

Kilichofuata makaburini wengi walikiona. Askofu alimtuma padri mmoja kumwakilisha. Alipomaliza sala, mumeo alisimama kwenye ukingo wa kaburi lako akanyoosha kidole: "Mke wangu amewaandikia miaka ishirini na miwili! Hata barua yake ya mwisho mmeshindwa kuijibu! Mnakuja na mashada!" Watu waliitikia kwa sauti. Yule padri alisema kwa upole, "Baba, tulijibu."

"Mwongo!" mumeo alisema. Mbele ya jeneza lako, na ufunguo wa sanduku ukiwa shingoni mwake.

Wengine walimpa mkono kwa ushujaa ule. Mkono wa kila mmoja wao bado unamchoma.

Miezi minne alizibia watu matairi bila kukigusa kiraka cha chini kabisa. Neno "tulijibu" lilikuwa limemkwama kama mwiba wa samaki. Siku moja alimfuata binti yako kwenye cherehani yake, akaweka barua juu ya kitambaa alichokuwa akishona. Binti yako alitazama muhuri, akatazama tarehe.

"Baba. Hii ilikuja mama yuko hai."

"Ilikuja."

"Na alipokuuliza?"

Mumeo alitazama miguu yake. "Soma tu, mwanangu."

Akasoma. Askofu wa tatu alikuwa ameandika kurasa mbili. Padri amepatikana, anaweza kuhamia kwetu mwanzoni mwa mwezi ujao. Anachoomba ni jibu ndani ya siku kumi na nne, kwamba nyumba iko tayari. Asipolipata atampeleka parokia nyingine inayongoja nayo. Chini kabisa, kwa mkono wake, aliongeza: "Mama katibu, nimezisoma barua zako zote zilizo hapa, tangu ya kwanza. Mashuka uliyoyataja katika barua ya tisa, bado yapo?"

Yalikuwepo, Mama Bahasha. Yalikuwa safi. Padri huyo angelala juu yake siku kumi na moja kabla ya Alhamisi yako. Kutoka nyumba ile hadi kitandani kwako ni hatua mia mbili na arobaini. Mumeo amezihesabu, tena si mara moja.

Bado ana neno na wakubwa wa jimbo, hajalimeza. Miaka ishirini na mmoja ya kabla ya hapo si kosa la fundi baiskeli. Na huyu wa tatu, jambo zito namna hiyo, hana simu? Gari lake si tunaliona likipita kwenda kuzindua kumbi za parokia kubwa? Hayo aliyasema yote mbele ya binti yako, mate yakimruka. Binti yako alimngoja amalize.

"Baba, angepiga simu, ungempa mama aongee?"

Nyani haoni kundule. Kwa wiki mbili binti yako alimletea chakula akakiweka mlangoni, bila salamu.

Jumapili iliyofuata mumeo alipanda ngazi yako. Mwenyekiti wa parokia alimnong'oneza, "Fundi, lete nikusomee." Akakataa. Alisoma silabi kwa silabi, kidole kikitambaa juu ya mstari, watoto wakichoka, mvuke ukipanda kutoka kwenye nguo za watu maana mvua ilikuwa imenyesha. Alipofika kwenye tarehe, akaisoma mara mbili. Akawaambia lini ilifika, akawaambia ilikuwa wapi, akawaambia ulimwuliza mara tatu. Akawaambia yule padri makaburini hakuwa mwongo, mwongo alikuwa nani. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Katekista peke yake ndiye aliyefungua mdomo: "Tarishi, maisha yako yote unaziba matairi ya watu, letu ukalitoboa mwenyewe." Watu wakaondoka kwa njia ya pembeni ili wasimpite pale alipokuwa. Parokia nzima ilikuwa imengoja, na padri wetu alikuwa ameshapelekwa kwingine kwa sababu ya kimya cha mtu mmoja aliyejua kukisia bahasha.

Barua yenyewe ameibandika mlangoni. Mvua imeanza kuila pembeni.

Januari hii meza ilifutwa mara mbili. Mumeo aliweka karatasi ya kaboni kichwa chini miguu juu, akarudia. Aliandika ukurasa mmoja kwa siku nne. Alimwomba askofu radhi kwa makaburini na kwa kimya, akamweleza kilichotokea bila kujipunguzia, akasema mashuka yapo, yanafuliwa Jumamosi ya kwanza, naye ndiye anayeyafua sasa. Hakuomba padri. Alisema anayestahili kuomba hayupo. Binti yako alisoma, akachukua kalamu, akaongeza ombi chini. "Mama angekuchapa," alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza marefu kwa baba yake tangu siku ya cherehani.

Jumanne hii jibu limefika. Bahasha nyembamba. Mumeo hajaipima mkononi. Aliingia nayo ndani, akasimama katika chumba cha mbele, dirisha wazi, akalisema kwa sauti lile ambalo alipaswa kukwambia mwaka jana. Kisha akaiweka juu ya mkebe wa biskuti. Inangoja Jumapili. Misa ya kukuombea itakuwa saa tatu asubuhi, padri ni yule yule wa kuazima, barabara ikikubali; baada ya Misa itafunguliwa kwenye ngazi, mbele ya wote. Ikiwa ni ndiyo, itabandikwa. Ikiwa ni Tumepokea, itabandikwa vile vile, na Januari meza itafutwa tena.

Wanaokukumbuka ni mumeo Tarishi, binti yako mshonaji, ambaye sasa anasalimia, mwanao fundi umeme, kitinda mimba wako mwalimu, aliyerithi chekechea na ukali wako, wajukuu watano, dada yako, wifi zako, katekista, na mabenchi yote kumi na manne.

Hatuna siku ya kukusahau, mama. Na lile swali uliloliuliza mara tatu, jibu lake ni hili: ilikuja. Ilikuja, nawe ulikuwa macho.