Moyo Uliosema Umechoka

Dada Zuhura,

Leo nisamehe kwa kutoanza na salamu. Ninaogopa, na wa kumwambia sina ila wewe.

Unaikumbuka ile homa ya mafua iliyopita Temeke, kila nyumba watu wanakohoa? Wewe ulipona, au tulidhani umepona. Siku ya tatu ukashika tena karai la vitumbua. Ukaegemea mlango, ukaniambia, "Mdogo wangu, mie moyo umechoka." Nami hodari wa kujibu, nikaona ni yaleyale ya shemeji kuoa mke wa pili kule Mbagala. Nikakwambia, "Jipe moyo, dada. Wanaume ndiyo hao." Ukacheka, halafu ukakaa chini kutafuta pumzi. Miguu ilikuwa imekuvimba, nikasema ni kusimama sana jikoni. Baada ya siku mbili ukaanguka kisimani, hukuinuka.

Arobaini yako ilipopita, dresa wa zahanati alinieleza. Mafua, alisema, huweza kufika kwenye moyo wenyewe, nyama yake ikavimba ikashindwa kusukuma damu. Wengi hupona, lakini mtu apumzike, asibebe kitu, na mapigo yakimwenda ovyo awahishwe hospitali. Nilimsikiliza nikitamani anyamaze. Ulikuwa ukiniambia moyo huu unaodunda, mimi nikasikia moyo wa wivu. Nisamehe, dada.

Sasa ni Saada, binti yako. Wiki iliyopita alishikwa na mafua, juzi homa ikamwacha. Asubuhi hii alikuwa akifagia uani, akasimama ghafla. "Mama mdogo, moyo unanienda mbio, na wala sijakimbia." Nikaweka sikio kifuani pake: unadunda, unaruka, unasita. Unaposita na mimi sipumui.

Nimemlaza. Shemeji ameenda kutafuta gari la kutupeleka hospitali, nami naandika kwa sababu nikikaa bure nitapiga mayowe. Mtoto anashangaa kwa nini simwachi hata ajichotee maji ya kunywa.

Nakuahidi hatashika ndoo wala ufagio mpaka daktari aseme. Akisema moyo umechoka, nitamwamini hapohapo.

Nasikia gari. Kwaheri, dada yangu, Mungu akulaze pema. Najua umemkumbuka, na yeye kila siku anakutaja. Lakini usimwite. Nakuomba, Zuhura, usimwite.

Mdogo wako,
Mwanaidi