Picha Ilipoganda

Jumatatu, 3 Machi
Kabla ya chai nimefungua tena ukurasa wa modem. Mawimbi: -108. Wiki iliyopita -96. Fundi Ilunga alinifundisha kusoma: namba ikikua hivi, mawimbi yanadhoofika. Sauti inaweza kupita, picha inakatika. Sauti haitusaidii. Binti yangu Numbi ni kiziwi, tunaongea kwa mikono. Jana uso wake ulikwama mara sita kwenye simu.

Jumanne, 4 Machi
Mdogo wangu Odette, anayekaa na Numbi Lubumbashi, amempeleka hospitali. Damu haikatiki, siku ya tisa. Odette anajua ishara za kula na kulala tu. Kesho daktari ataongea na Numbi kupitia kwangu, kwa simu ya picha. Mkuu wa shule amekataa niondoke kabla ya Ijumaa. Namchukia.
-111. Ilunga amepanda juu ya bati, akatazama upande wa mgodi wa Mashamba.
"Mama, shida haiko mu modem. Ile mulima ya mabaki ya mine imepanda sana, iko inafunga njia. Tupandishe antene."
Bomba refu atalileta Alhamisi.

Jumatano, 5 Machi
Saa nne asubuhi. Nimeacha darasa, nimekimbia nyumbani. -114.
Daktari nilimsikia vizuri. Uvimbe. Ama watoe uvimbe peke yake, hatari kubwa zaidi, ama watoe kizazi chote. Numbi achague mwenyewe. Ana miaka ishirini na minne. Anataka watoto, ameniambia mara nyingi.
Kabla sijaanza kumweleza, akauliza kwa mikono: Mama, unaniona? Nikainua kidole gumba. Ndiyo, nakuona.
Mtandao ukakatika.
Nimepiga na kupiga. Odette amepokea baada ya nusu saa.
"Usiogope, yaya, dada yangu. Amekubali. Bameshamuingiza mu operation."
"Amekubali nini?"
"Kutosha kizazi, bakitoe chote. Docteur alimuchorea ku karatasi, akamuonyesha. Mutoto akakuangalia mu simu. Picha yako ilibaki pale, kidole juu. Si ni weye ulimwambia ndiyo?"


Alhamisi, 6 Machi
Bomba limesimama. -89. Ilunga amefurahi, nimemshukuru. Odette amenipigia kwa picha. Numbi amelala, anapumua. Kila kitu kinaonekana, hata jasho puani. Nimezima modem.

Jumamosi, 8 Machi
Niko Lubumbashi tangu jana jioni. Nimemwambia Numbi yote. Mlima, antene, picha. Nimerudia maneno mara mbili.
Akauliza: Wewe ungesema nini?
Ningesema uningoje.
Amegeukia ukuta. Akigeuka hivyo siwezi kumwambia neno lolote.

Jumapili, 9 Machi
Odette ameenda misa. Nimemwogesha Numbi, nimempaka mafuta miguuni. Amekunywa uji kidogo. Mvua imepiga, nimefunga dirisha.
Saa sita mchana amesogea kitandani, polepole, akishika kidonda. Imebaki nafasi pembeni.
Nimekaa.