Mtaro Usio na Mfuniko

Xiaobei, Jumatano, mvua bado inanyesha

Karatasi imelowa, mwandiko utakuwa mbaya.

Tulikuwa tunarudi kutoka soko la Shahe na mizigo ya nguo, mimi na dada Rehema ninayeishi naye chumba kimoja. Kichochoro chetu kilijaa maji hadi magotini. Wiki hii wanachimba mtaro hapo, na leo mafundi waliondoka bila kurudisha mfuniko. Hatukujua.

Rehema alikuwa mbele, ananisimulia habari za bosi wa duka la nguo aliyegoma kupunguza bei. Akanyamaza katikati ya neno. Nilipotazama, juu ya maji kulikuwa na kichwa na mkono mmoja tu.

Nilitupa mzigo nikamshika. Maji yalikuwa yanamvuta kwenda chini ya barabara.

"Usiniachie, mdogo wangu," alisema, taratibu, bila kupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Laoban, mwenye duka la simu pale kichochoroni, na mkewe walikuja mbio, tukamtoa.

Nilimwomba mlinzi wa jengo aweke hata kizuizi. "Meiyou," alijibu kwa Kichina, yaani hana, na barabara si kazi yake. Basi laoban akafunga kamba nyekundu kutoka mlangoni kwake hadi kwenye nguzo ya taa.

Rehema amelala. Alfajiri wapangaji wote watapita pale, wengine na watoto mgongoni, na kamba yenyewe nyembamba...

Nimechungulia dirishani. Kamba siioni. Naogopa kushuka peke yangu.

Ninavaa viatu.