Salamu za Mama Mdogo

Nyumba ya pembeni,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa kaka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani? Kikohozi kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia? Wifi hajambo, na wale watoto warefu kama baba yao? Sisi huku hatujambo, ila mgongo wa Mama bado unamsumbua, na mimi mwili ni mzima lakini moyo umefura.

Kaka, nimechoka. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye cherehani kwa sababu ndiyo sehemu pekee iliyobaki yangu katika nyumba hii. Chumba changu analala Mama Mdogo. Ndiyo, huyo huyo aliyemchukua baba tukiwa wadogo, tukabaki kukitazama kiti chake mezani. Mimi nalala chini katikati ya vitambaa, naamka na nyuzi kichwani. Nilikudokezea katika barua iliyopita kwamba yuko hapa, nawe hukusema kitu. Basi leo nikueleze vizuri.

Unajua kila Jumamosi Mama na akina mama wenzake wa kanisani huenda hospitali kuwaombea wagonjwa. Wakamkuta wodini, upande mmoja wa mwili umepooza, ameshapewa ruhusa ya kutoka na hana wa kumchukua. Ndugu zake kila mmoja alikuwa anamsukumia mwenzake. Wenzake Mama wakaomba, wakasema amina, wakasogea kitanda cha pili. Mama yeye akauliza nguo za mgonjwa ziko wapi. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mama ametenda wema, akarudi nao nyumbani.

Nilipofungua mlango nikamwona nani amebebwa, nilitaka kuufunga tena. Mama akaniambia tu, "Toa vitu vyako kitandani, huyu hawezi kusimama." Hata kuniuliza hakuniuliza.

Angekuwa mgonjwa mwenye shukrani, ningevumilia. Huyu maradhi yalichukua mkono na mguu, ulimi yakamwachia. Chai ya moto mno, chai imepoa. Mto mgumu, mto unazama. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, sasa huyu jembe atalishikaje? Juzi nilikuwa nampima kiuno bibi harusi mtarajiwa, mara sauti ikatoka chumbani: "Mwongezee hapo, huyo anapenda kula." Mteja alicheka kidogo, akakunja kitambaa chake, akaondoka. Usiniulize kama amerudi.

Wala usidhani Mama anamhudumia kwa upole. Wanagombana tangu asubuhi. Anamwogesha huku anamsema, anamgeuza huku anamsema, anampaka mafuta visiginoni huku anamkumbusha vituko vya baba ambavyo sisi watoto hatukuwahi kuvisikia. Lakini hajaruka hata siku moja. Nilipolipuka na kumuuliza kama amesahau tulivyoteseka, aliweka beseni chini, akanitazama. "Nani kakwambia nimesahau? Ningekuwa nimesahau, hii ingekuwa kazi ya kuosha tu." Akaenda kubadilisha maji. Jioni tukisali Sala ya Bwana, akifika pale pa kusamehe anapunguza mwendo na kunigeukia. Mimi nafumba macho.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Barua yako ilipofika, tulikusanyika niisome kwa sauti kama ilivyo desturi yetu. Tulikaa chumbani kwa mgonjwa, maana Mama alikataa tumwache peke yake. Ulimsalimu Mama, ukanisalimu mimi, mchungaji, jirani muuza mkaa, hata paka. Nikafika mwisho, nikakunja karatasi. Mama Mdogo alikuwa ananitazama mdomoni.

Mama akasema, "Soma vizuri, umeruka."

Sikuwa nimeruka, naye alijua. Mama huyo huyo, kaka, mzee wa kanisa, anayenikataza kuwadanganya hata wateja kuhusu siku ya kumaliza nguo. Nikaikunjua tena, nikasoma kisichokuwepo: "Na Mama Mdogo mnisalimie, mwambieni apone." Akageukia ukutani, akalia. Siku hiyo chai aliinywa bila kuitia kasoro.

Tangu hapo ndiyo ananiudhi zaidi. Kila akisikia mlango anauliza kama ni barua yako. Daktari ametuambia moyo wake umechoka, tusitegemee siku nyingi. Kwa hiyo nakuomba, tena nakuomba kwa hasira, uiandike salamu hiyo kwa mkono wako mwenyewe. Sikwambii umpende. Mimi mwenyewe simpendi, leo asubuhi nimemlisha huku nimenuna. Lakini sitaki afe na salamu niliyoitunga mimi.

Najua kwa nini kalamu inakuwia nzito. Ni wewe uliyekwenda kwa miguu kumwona baba alipougua, ukabisha hodi mpaka ukachoka, ukarudi umelowa na kutuambia hakukuwa na mtu. Baba akafa hamjaonana. Hilo sijalisahau, na sitaki ulisahau.

Mama anakusalimu sana na anasema uvae sweta. Mchungaji anakusalimu, na muuza mkaa pia. Mungu awalinde wewe, wifi na watoto, awe nanyi mnapotoka na mnaporudi.

Mama Mdogo naye amesikia kwamba nakuandikia, akaniita kitandani. Anasema nikwambie hivi: siku ile ulipobisha alikuwepo, amesimama nyuma ya mlango, na alikusikia ukimwita baba. Nimeandika kama alivyosema. Sijaongeza neno.

Mdogo wako akupendaye, hata akiwa amenuna,
Fundi